Kikoba Kimevunjwa Bila Ugomvi, Sasa Nisikilizeni Wenye Ndoto za Programu

Jumapili iliyopita kikundi kimoja cha akina mama wa Temeke kilivunja kikoba, yaani kiligawana akiba yake ya mwaka, kwa kutumia programu yangu ya simu ya kuweka hesabu za vikundi. Waliwasubiri wa kanisani warudi, wakala, wakaanza hesabu saa nane mchana. Kabla ya saa kumi na moja kila mmoja alikuwa na bahasha yake mkononi, jina juu, kiasi chini ya jina, na sahihi ameshaiweka kwenye karatasi. Hakuna aliyepayuka. Mwaka juzi kazi hiyohiyo iliwakesheza, wakairudia kesho yake, na mama mmoja akajitoa kikundini kwa ajili ya shilingi elfu tatu ambazo hadi leo hakuna anayejua zilipotelea ukurasa gani wa daftari.

Nimeweka picha ya zile bahasha kwenye stetasi na simu haijatulia tangu hapo. Wengi wanapongeza, nami napokea pongezi zote, sirudishi hata moja. Ila kuna kijana kaniandikia hivi: "Kaka hongera sana. Na mimi nina wazo la aplikesheni nataka nianze. Nitumie Flutter au Kotlin? Na dizaina mzuri wa bei poa nitampata wapi?"

Nilimwahidi jibu refu, ndilo hili. Nalitoa hadharani maana najua hayuko peke yake. Mko wengi mnaotoka kazini, mnapambana na foleni, mnafika nyumbani saa mbili usiku, na wakati wenzenu wanaangalia mpira ninyi mnafungua kompyuta. Mnataka kitu chenye jina lenu. Nawajua kwa sababu ni mmoja wenu. Tofauti ni kwamba changu kimeshatoka, kwa hiyo leo nivumilieni nizungumze.

Swali la Flutter na Kotlin nilimalize haraka. Mimi natumia Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu ambayo Google waliitoa rasmi Desemba 2018, kwa sababu ndiyo niliyokuwa nimeizoea. Kotlin, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, nayo ni nzuri, na Google haohao waliitangaza mwaka 2019 kuwa lugha wanayoipa kipaumbele kwa Android. Chukua unayoijua. Mweka hazina wa kikoba hajawahi kuniuliza nimetumia lugha gani, na hataniuliza.

Kwa walioko mbali na mambo haya: kikoba ni kikundi cha kuweka na kukopa. Watu kati ya kumi na tano na thelathini wanakutana kila wiki, kila mtu ananunua hisa, moja hadi tano kwa kikao. Fedha inaingia kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Pembeni kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na wagonjwa. Wanachama wanakopa, wanarejesha na riba, wanaochelewa kikao wanatozwa faini, na mwaka ukiisha sanduku linafunguliwa kila mtu agawiwe kwa wingi wa hisa zake. Mtindo huu wa sanduku na hisa ulianzia Niger mwaka 1991 kwenye mradi wa shirika la CARE, ukasambaa nchi nyingi za Afrika. Kwetu umeota mizizi kiasi kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevipangia vikundi hivi daraja lake, la nne.

Yote hayo yanakaa kwenye daftari. Daftari likikosea, sanduku lenye kufuli tatu halisaidii kitu.

Mama mdogo wangu ndiye katibu wa kikundi hicho cha Temeke. Wazo lilitoka kwake, ingawa hakuniomba programu. Aliniomba nimsaidie kujumlisha. Kila Jumapili jioni alikuwa ananipigia, namwamkia, anaitikia haraka haraka, kisha: "Mwanangu, hebu nijumlishie hizi." Ananisomea tarakimu, najumlisha kwenye kikokotoo, tunapishana mahali fulani katikati ya orodha, tunaanza upya.

Miezi iliyofuata sitawachosha nayo. Ilikuwa ya kuandika msimbo usiku na kusinzia ofisini mchana. Bosi wangu akisoma hapa anisamehe. Toleo la kwanza likatoka na chati ya duara, rangi ya kijani na dhahabu, na ukurasa wa kukaribisha wenye michoro ya akina mama wanaocheka. Nikampelekea mama mdogo kwa heshima zote, kama mshenga aliyebeba barua ya posa. Akaipokea, akasema hongera mwanangu, Mungu akuzidishie. Jumapili jioni akapiga simu: "Hebu nijumlishie hizi."

Nikamuuliza, mbona hukutumia programu, mama mdogo?

"Imekataa."

Kama wewe ni mtengenezaji wa programu na hujawahi kuambiwa "imekataa", kazi bado hujaianza. Kule ninakoajiriwa naletewa taarifa za hitilafu zilizoandikwa vizuri, hatua kwa hatua, na picha ya skrini juu. Mtaani taarifa ziko tatu: imekataa, imegoma, na inazunguka tu. Hakuna ya nne. Ukimpigia mtu simu kumuuliza "imekataaje?" anakujibu "imekataa tu, njoo uone." Na kwa kweli hilo "njoo uone" ndilo jibu.

Nikaenda Temeke Jumapili iliyofuata, nikaketi naye kwenye mkeka, nikaweka nadhiri ya kutoigusa simu. Huo ndio ushauri wangu wa kwanza, na kusema kweli mwingine wowote nitakaoutoa leo ni huohuo: kaa pembeni ya mtumiaji, na mikono yako ikalie.

Simu yake ni Android ya bei ya chini, kioo kimepasuka kona ya juu. Maandishi ameyakuza hadi mwisho wa kipimo kwa sababu miwani huwa anaisahau nyumbani. Akafungua ukurasa wa hisa. Akaandika jina la mwanachama, akaandika hisa tatu. Kibodi ikapanda, ikala nusu ya skrini. Yale maandishi makubwa yakala nusu iliyobaki. Kitufe changu cha kuhifadhi, ambacho kwenye simu yangu kilikuwa kinang'aa pale chini kwa rangi ya dhahabu, hakikuonekana popote. Mama mdogo akasubiri kidogo. Akagonga kioo pasipo na kitu, akagonga tena. Kisha akabonyeza kurudi nyuma, na hisa tatu za mama wa watu zikayeyuka.

Akanigeukia. "Umeona? Imekataa."

Wiki ile sikuongeza chochote. Nilipandisha kitufe juu, kando ya jina. Nikaifanya programu ihifadhi yenyewe kila tarakimu inapoingia, hata mtu akirudi nyuma, hata simu ikizima chaji katikati ya kikao. Palipoandikwa "Thibitisha muamala" nikaandika "Nimepokea". Chati ya duara nikaiondoa, na wale akina mama wanaocheka nao nikawaaga. Jumapili iliyofuata mama mdogo hakupiga simu. Ikafika saa moja usiku, nikahofia anaumwa, nikapiga mimi. "Nimeshamaliza zamani," akasema kwa sauti ya chini, "nipo kwenye maombi, nitakupigia."

Siku ile nilitembea nikiwa mrefu kuliko kawaida.

Mengi yaliyofuata yalitoka kwenye mkeka uleule. Mfano ni saa. Kikao chao ni saa kumi jioni. Akaweka kikumbusho, akaandika 10:00, kwa sababu ni saa kumi. Simu ikalia saa nne asubuhi yuko sokoni anachagua nyanya. Basi kile kiduara cha saa kinachokuja tayari na Flutter nikakitoa, nikaweka vitufe vinne, asubuhi, mchana, jioni na usiku, na namba kuanzia moja hadi kumi na mbili kama tunavyozitaja kila siku. Ndani programu inajua yenyewe kwamba hiyo ni 16:00. Ilikuwa kazi ya jioni moja. Sasa niambie, kijana wangu, dizaina wa bei poa angeyajuaje hayo akiwa chumbani kwake? Hata wa bei ghali asingeyajua.

Tuje kwenye hesabu, na hapa naomba mniache nijisifu.

Ukiziambia lugha nyingi za programu zijumlishe 0.1 na 0.2 zinakupa 0.30000000000000004. Watengenezaji tunalifanyia mzaha sana jambo hilo, lakini halichekeshi mbele ya mama anayesubiri bahasha. Kwa hiyo fedha zote ndani ya programu yangu ni shilingi kamili, nukta haziruhusiwi. Shida ni kwamba mgawo wa kikoba hautaki namba kamili. Chukua mfano huu: sanduku lina 7,850,000 na hisa zote za mwaka ni 3,000. Kila hisa inapata shilingi 2,616 na vipande. Ukipandisha hadi 2,617 unahitaji 7,851,000. Sanduku linapungukiwa elfu moja, nani atoe? Ukishusha hadi 2,616 unagawa 7,848,000, elfu mbili zinabaki mezani, nani achukue? Halafu yupo mama mwenye hisa 147. Haki yake kwa hesabu hiyo ni 384,552. Zile shilingi mbili za mwisho utazitoa wapi? Sarafu ndogo utakayorudishiwa na konda ni hamsini.

Ningeweza kulimaliza mwenyewe kwa mstari mmoja wa msimbo. Nikaamua kuwauliza wenye fedha. Wakabishana hadi chai ikapoa. Mmoja akataka zinazobaki zipewe waliowahi vikao vyote, mwingine akasema hiyo ni kuwapendelea wanaoishi karibu. Mwishoni mwenyekiti akaamua: kila mtu ashushiwe hadi hamsini ya chini, kinachobaki kiingie mfuko wa jamii wa mwaka mpya, na kisomwe kwa sauti mbele ya wote.

Kisomwe kwa sauti! Mimi nilikuwa nawaza namba, wao walikuwa wanawaza maneno ya watu. Nikaongeza ukurasa mmoja tu: salio la mgawo kwa herufi kubwa, linakokwenda, na chini yake nafasi ya sahihi za wale watatu wenye funguo. Kabla ya hapo wahesabuji wawili wanahesabu noti kwa mkono, kila mmoja anaingiza alichopata bila kuona cha mwenzake, na programu haifungui mgawo mpaka viwili vilingane na daftari. Jumapili iliyopita mama mdogo alisimama akasoma lile salio, wakapiga makofi, wakaenda kwenye wali. Zamani kiasi kile kingezalisha maneno ya mwaka mzima.

Hapo ndipo programu inaponolewa, ndugu zangu. Watu wanafikiri kunoa ni kuzungusha kona za vitufe na kuhangaika na kivuli chini ya kadi. Nayapenda hayo, nayafanya, yana raha yake saa sita usiku. Lakini hakuna mwanachama aliyewahi kunipigia makofi kwa ajili ya kivuli.

Yapo mambo ya simu zenyewe ambayo nitayapita mbio, ila yatakukuta. Simu za wanachama zina GB 16 au 32, zimejaa picha za WhatsApp za "asubuhi njema" na video za kwaya. Nafasi ikiisha, ya kwanza kufutwa ni programu yako, kwaya haiguswi. Punguza uzito: toa fonti za mapambo, toa michoro inayocheza. Hesabu zote nimeziweka ndani ya simu kwa SQLite, ghala dogo la taarifa lisilohitaji mtandao, ili kikao kiende hata kama bando limeisha, na huwa limeisha. Kikao kikifungwa, programu inatoa faili moja dogo lenye nenosiri, katibu analituma WhatsApp kwa watu watatu wenye funguo. Kufuli tatu, nakala tatu. Hilo sikuhitaji kulieleza mara mbili. Vikumbusho navyo, tangu Android 13 ya mwaka 2022 lazima mtumiaji akubali kwanza ndipo vitokee, kwa hiyo usiombe ruhusa hiyo sekunde anayofungua programu mara ya kwanza. Atakataa, kwa sababu kila kitu kisichoeleweka mtu hukikataa. Iombe pale anapoweka kikumbusho mwenyewe.

Kuna wanaonishauri programu isome yenyewe SMS za miamala ili mweka hazina asiandike kitu. Google Play waliibana ruhusa hiyo tangu mwaka 2019, na hata wasingeibana nisingeitaka. Simu ya mweka hazina ina SMS za mumewe, za mkopo wake binafsi, za hospitali. Za nini mimi? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Isome kabla hujaanza kukusanya namba za watu, maana wengi mnajenga kana kwamba haipo.

La wajaribu nalo nilieleze, linachekesha. Kufungua akaunti ya mtengenezaji Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Lakini akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 inatakiwa programu yake ijaribiwe kwanza na watu wasiopungua 12, siku 14 mfululizo, ndipo iombewe ruhusa ya kutolewa kwa umma. Mwanzoni walitaka watu 20, wakapunguza Desemba 2024. Nikasema kumi na wawili si kitu, mbona kikundi kizima ninacho. Nikaanza kupita kwa mama mmoja mmoja kuomba barua pepe aliyowekea simu.

"Anayo fundi."

Fundi yupi?

"Si yule aliyeniuzia simu."

Kumbe fundi mmoja wa Tandika aliwawashia simu zao karibu nusu ya kikundi kwa akaunti moja, ya kwake mwenyewe, na nenosiri lake kalisahau. Akina mama wale, mbele ya Google, walikuwa mtu mmoja. Tukaketi chini ya mwembe tukafungua akaunti mpya, mmoja baada ya mwingine, wajukuu wakisaidia, na manenosiri wakayaandika nyuma ya vitabu vyao vya uanachama. Wataalamu wa usalama mnaosoma, nawaomba mpite kimya kimya.

Na ukishatoka hujamaliza. Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, Google Play hupandisha kiwango cha Android ambacho programu inapaswa kulenga, na ukikaa muda mrefu bila kusasisha, watu wapya wenye simu mpya hawataiona tena dukani. Miradi mingi ya pembeni inafia hapo: mwenye nayo keshachoka, keshahamia wazo lingine.

Sasa niseme linaloniuma, kisha nitapumua.

Kabla ya mgawo huu, kabla hata programu haijatulia, niliipeleka kwenye shindano moja la wabunifu hapa mjini. Jina silitaji. Nikapewa dakika zangu, nikaeleza sanduku, kufuli, hisa, daftari. Jaji mmoja, kijana mwenye suti iliyomkaa vizuri, akaniacha nimalize. Kisha akauliza: "Akili mnemba iko wapi hapa?" Nikasema haipo. "Kwa hiyo hili ni daftari tu?" Ukumbi ukacheka. Nikacheka nao, maana utafanyaje. Aliyeshinda hakuwa na programu, alikuwa na picha za programu, nzuri kweli, na ramani ya Afrika yenye mishale. Nilirudi Mbagala nimesimama kwenye daladala njia nzima, begi la kompyuta nimelikumbatia kifuani, nikijibu kimoyomoyo maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

Na nikiri jambo. Kwa muda mrefu baadaye nilikuwa naingia kwenye ukurasa wa yule mshindi kuchungulia kama ametoa kitu. Kila nilipokuta kimya, nilifurahi. Si tabia nzuri, mama mdogo akijua atanisema hadi nikome. Lakini ninyi mnaojenga usiku, mkiwa peke yenu, msijifanye hamnielewi.

Ndiyo, ni daftari tu. Daftari lisilopoteza elfu tatu. Kijana wa suti, kama unapita hapa, karibu Temeke siku ya kuvunja uje uwaulize wale mama akili mnemba iko wapi.

Kwa hiyo wadogo zangu, naomba mnisikie vizuri. Acheni kukimbizana na majukwaa. Acheni kuniuliza lugha gani, rangi gani, jina gani la kuvutia. Mnapenda sana kuanza. Kompyuta zenu zimejaa mafolda ya miradi iliyoishia ukurasa wa kuingia, nao mmeupamba vizuri, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuingia. Usinitumie wazo lako, mawazo tunayo sote. Nitumie jina la mtu mmoja ambaye programu ikigoma atakupigia simu usiku kukulalamikia. Huna mtu huyo? Funga kompyuta, toka nje, katafute mtu. Ukimpata kaa naye. Mtazame kidole chake kinaenda wapi, na kinasita wapi. Usimwambie "bonyeza hapo". Ukishamwambia umeshaharibu, maana kesho hutakuwepo. Nimesema nilipoanza, narudia, na mkiniudhi nitasema mara ya tatu: kaa na mtumiaji.

Na msiwadharau wazee. Vijana wenzenu wakikuta programu mbovu wanaizoea, wanajua ujanja wa kuizima na kuiwasha. Mama wa miaka sitini haizoei, anairudisha mfukoni na kuchukua kalamu. Huyo ndiye anayekuambia ukweli. Kitu kikimkubali yeye, wengine wote kitawakubali.

Yule kijana aliandika ujumbe wa pili, akauliza kama aache kazi ili apate muda. Usiache. Mshahara ndio unaolipa kodi ya nyumba yangu hadi leo, na ndio unaonipa ubavu wa kumkatalia mtu anayetaka niweke matangazo ya mikopo ya mtandaoni ndani ya programu ya kikoba. Amenifuata mara kadhaa huyo, na kila akija kiasi kimepanda. Ningekuwa sina mshahara sijui ningemjibu nini.

Kuhusu fedha za programu yenyewe, kikundi kinanilipa mara moja kwa mwaka, siku ya kuvunja, kutoka kwenye riba. Siku hiyo fedha ipo na faida wameiona kwa macho. Malipo ya kila mwezi niliyafuta baada ya mweka hazina kunionyesha kitabu chake: safu ya hisa ipo, ya mkopo ipo, ya faini ipo, ya jamii ipo. "Hii yako ya kila mwezi naiandika wapi, baba?" Sikuwa na jibu. Kinachopatikana sasa kinatosha umeme, bando na kilo kadhaa za nyama, na vikundi vinaongezeka kwa njia moja tu, ya shemeji wa mtu kuhudhuria uvunjaji wa kikoba cha mwenzake na kuuliza "hiyo mmeipata wapi?"

Mmoja wa waliouliza Jumapili ni mweka hazina wa bodaboda wa huku Mbagala, kaka wa mwanachama. Wao mambo yao ni mengine kabisa. Hawana kikao cha wiki; wanachangia kila siku jioni kijiweni, elfu mbili mbili, wengine hata hawashuki kwenye pikipiki, na aliyekosa leo kesho analipa mara mbili. Programu yangu haijui kila siku, inajua Jumapili. Haijui deni linalojirudufu usiku mmoja. Jamaa akaniuliza kama itaweza kutumika kwa kidole gumba kimoja, mkono mwingine ukiwa kwenye usukani. Nikamwambia si usimame kwanza, kaka. Akasema abiria hawasubiri.

Jumamosi nakwenda kijiweni kwao nikakae. Yule kijana nimeshamjibu: akitaka kweli kuanza, tukutane pale saa kumi na mbili jioni, na kompyuta aiache nyumbani.